Sanamu Niliyoificha Kati ya Vyungu vya Wenzangu

Ipo siku moja ambayo naikumbuka kila ninapokanda udongo, mwanangu. Mimi nimechoka kuikumbuka, lakini yenyewe haichoki kuja. Vidole vyangu vimekakamaa, mgongo haukubali tena kuinamia chungu kikubwa, na wasichana wanaonijia siku hizi wamekimbia vita huko upande wa Mbau, wana nguo moja na kimya kingi. Siwalaumu. Nami nilikuwa msichana wa kimya. Ndiyo maana nasema na wewe.

Nilimaliza darasa la sita, kisha baba akasema pesa ya shule inamtosha kaka yangu tu. Akanileta Butembo kwa shangazi yake mzee, Mukaka Biira. Mukaka ni bibi kwa lugha yetu. Alikuwa mkubwa wa wanawake saba waliofinyanga pamoja katika kiwanja kimoja nyuma ya mikaratusi. Wengi wao walikuwa wajane, na kila mmoja alikula kwa mikono yake. Wanaume wa mtaa waliwacheka, wakawaita mabwana waliovaa sketi. Mukaka aliwajibu bila kuinua macho kwamba bwana wa sketi hulala ameshiba.

Mimi niliongea na miguu yangu. Mtu akiniuliza jina, nilitazama vidole. Nilikuwa nimeshika ile methali, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nikaifanya nyumba ya kujifichia. Methali ni kama dawa, mwanangu. Ile iliyomponya mwenzako yaweza kukudhuru wewe.

Tulipokanda, Mukaka alitusimulia habari za Mwanamke wa Mlima. Zamani sana, mwami mmoja, yaani mfalme, alitaka kumwoa na kumfungia ndani. Mwanamke akamkatalia mbele ya watu. Akatia makaa ya moto ndani ya chungu, akajitwisha, akapanda Ruwenzori peke yake, akajenga nyumba yake huko kwenye baridi. Ukungu ukionekana mlimani asubuhi, wanawake wa bondeni walisema ameamka, anapika. Mukaka alikuwa mtu wa kanisa, kwaya hakukosa, kwa hiyo kila mara alimaliza kwa kusema Mungu atusamehe, ni hadithi tu.

Lakini hadithi ile iliniingia. Nikaanza kumfinyanga mwanamke yule kwa siri. Mabega mapana, chungu kichwani, kidevu juu. Nilimpa kidevu ambacho mimi sikuwa nacho. Sikumwonyesha mtu. Niliogopa kuchekwa, na zaidi nilimwogopa mke wa shemasi, aliyefinyanga pamoja nasi, asije akasema ni sanamu ya mashetani.

Kati yetu alikuwepo Kahindo. Alikuwa bado kijana, na alikuwa amemkimbia mume wake huko Mbau, mtu wa fimbo. Wazee wa ukoo wake walimpa msimu mmoja. Kazi ya udongo ikimlisha, abaki Butembo. Ikimshinda, arudi kwa mume, kwa maana mbuzi wa mahari walikwisha kuliwa. Basi alikuwa amefinyanga mitungi sita mikubwa ya maji, iliyoagizwa na mama mmoja wa Beni mwenye nyumba ya wageni. Aliigonga kwa kidole kusikia sauti yake, akacheka peke yake. Ni yeye tu aliyenitania. Alisema, “Masika, leo utasema maneno ngapi? Mbili? Usimalize yote, bakisha ya kesho.”

Tulikuwa na desturi. Kabla ya kuwasha moto, kila mwanamke alisimama mbele ya rundo la vyungu, akagonga vyombo vyake kimoja kimoja, akasema kwa sauti ni nini na kimekauka siku ngapi. Wenzake wakikitilia shaka, kinatolewa, kinangoja. Moto ni mmoja. Chombo kibovu cha mmoja ni msiba wa wote.

Asubuhi ile nilifika kabla ya wengine. Rundo lilikuwa limekwisha kupangwa. Nikaingiza sanamu yangu katikati, karibu na mitungi ya Kahindo, nikaifunika kwa nyasi. Zamu yangu ilipofika, niligonga mabakuli yangu mawili, nikasema habari zake. Mukaka akauliza kama ndiyo yote. Nikaitika kwa kichwa.

Nilikuwa nimemfinyanga mwanamke yule mnene, mzima, bila tundu, na tumbo lake lilikuwa bado na maji. Yeyote pale angeniambia, mtoboe mgongoni, mvuke upate njia. Ningeuliza tu. Udongo uwahi ungali maji. Udongo nilikuwa nao, na vidole nilikuwa navyo, ila mdomo ndio niliokosa.

Moto uliposhika, tulisikia mlio kama wa bunduki, kisha mwingine. Tukalala chini sote, kwa kuwa hapa kwetu mlio wa namna ile mtu hangoji kuuelewa. Majivu yalipopoa, mitungi mitano ya Kahindo ilikuwa vigae. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ile niliusikia kwa masikio yangu.

Mke wa shemasi akasema mwanamke aliyeacha nyumba kwa ugomvi huleta ugomvi hata motoni. Wengine hawakuitikia, lakini hawakupinga. Kahindo akasema mitungi yake ilikauka majuma matatu. Akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu.

“Masika, hata wewe unaona ni mimi?”

Nikatazama miguu yangu.

Siku ya tatu kaka yake Kahindo akaja na pikipiki, akamrudisha kwa mume.

Juma lililofuata tulisaga vigae vile, kwa maana vigae vilivyosagwa huchanganywa na udongo mpya ili usipasuke. Mukaka akaokota kipande, akakipangusa kwa kitenge chake. Kilikuwa kidevu. Mtungi hauna kidevu. Akasema polepole, “Huyu mwanamuke ni wako.”

Nikasema ndiyo.

“Ni muzuri. Juu ya nini ulimuficha?”

Nikamwambia niliogopa watu watanicheka.

“Batakucheka siku moja, ya pili bamechoka. Kahindo anapigwa kila siku. Upime wewe mwenyewe.” Akaweka kipande kile magotini mwangu. “Unapenda mwanamuke wa mulima, lakini yeye alimuambia mwami hapana, mbele ya batu. Weye hata ndiyo inakushinda kusema.”

Mwanangu, nimepigwa katika maisha yangu, na nimekimbia nyumba mara tatu. Hakuna kilichoniuma kama maneno yale, kwa sababu hayakuwa na hasira.

Siku hiyohiyo niliwaambia wanawake wote. Mke wa shemasi alijifunga upya kitenge chake, akaenda kukaa peke yake. Kesho yake mimi na Mukaka tulipanda lori la mbao mpaka Mbau. Tulimkuta Kahindo katika shamba la mihogo, jicho moja limevimba. Nikamwambia yote, maneno mengi kuliko niliyokuwa nimesema mwaka mzima. Yeye aliendelea kung'oa majani.

“Neno yako ni ya kweli, Masika,” akasema. “Lakini imekuta mulango imefungwa.”

Mbuzi wa upatanisho alikuwa amekwisha kuchinjwa. Mukaka aliwasihi wazee wa ukoo hadi sauti ikamkauka. Walimjibu kwamba nyama iliyoliwa hairudi sahanini. Tulikwenda wawili, tukarudi wawili.

Alikaa kule miaka minne. Mume alipokufa, akarudi Butembo na mkono wa kushoto usiokunjuka, na mtungi mkubwa hauinuliwi kwa mkono mmoja. Alifinyanga visahani. Hakunitukana hata siku moja. Ningependa angenitukana.

Mimi niliendelea na wanawake wangu wa mlima, sasa wenye matundu, na watu wa Beni waliwapenda. Hata mke wa shemasi alinunua mmoja, akasema ni wa kuwekea maua. Nimeishi kwa mikono yangu, sijamwomba mtu chumvi. Lakini usifikiri chakula hicho kilikuwa kitamu kila siku.

Basi sikiliza. Kujitegemea si kujificha. Mwanamke anayekula kwa mikono yake bado ana wenzake, na kosa lake moja laweza kula miaka ya mtu mwingine. Usilolijua, uliza. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwenzako hajabebeshwa. Aibu ya kusema ni ya asubuhi moja. Aibu ya kunyamaza, mimi nimezeeka nayo. Na kama sauti yako ni ndogo, sema kwa hiyo hiyo ndogo. Hakuna aliyekuomba upige kelele.

Mungu akupe usingizi katika nchi hii isiyopata kulala. Akupe mikono isiyoishiwa kazi, na watu wa kula nao. Neno likikukwama kooni, alifungue yeye kabla jua halijatua. Nimesema, mwanangu. Nenda kwa amani.