Plasta Iliyokamata Haraka

Jiwe la sabuni, lile laini la kuchonga vinyago, liliniangukia mguuni nikilisugua kwa msasa, kazi niliyoianza nilipoolewa katika kijiji cha Tabaka. Mfupa ulivunjika juu ya kifundo. Asubuhi yenye baridi kali mama mkwe alinipeleka hospitalini, thamosi ya maji ya moto kikapuni.

Mfunga plasta, mzee kutoka upande wa ziwani, alijaza beseni maji ya mfereji akaenda kutafuta bandeji. Mama mkwe akachovya kidole.

"Haya yatamtesa mtoto wangu," akasema, akamimina thamosi nzima humo. Sikumzuia. Nilikuwa natetemeka kwa baridi.

Mzee alirudi, akavaa glavu, akachovya bandeji ya plasta kwenye beseni, akaanza kuizungusha mguuni. Kabla hajafika kisiginoni, plasta ilikuwa imekamata na kuwa ngumu mikononi mwake, wayo wangu ukining'inia chini. Kisha ikaanza kuchoma. Nilivuta mguu, lakini mguu haukuwa na pa kwenda.

"Toa," nikamwambia. "Inaniunguza."

Akagusa beseni. "Nani ameongeza maji ya moto?"

Mama mkwe aliangalia sakafu. "Ni mimi."

Mzee hakumfokea. "Mama, maji ya moto huifanya plasta ikamate mbio. Ikikamata mbio, joto lake lote hutoka kwa pamoja, na mimi sipati nafasi ya kunyoosha mguu."

Akaikata kwa msumeno wa umeme huku nimeng'ang'ania kitanda. Ngozi ilikuwa nyekundu, lakini haikuwa imebabuka. Akateka maji baridi, akanifunga upya, akauegemeza wayo kifuani mwake na kungoja hadi plasta ilipokamata taratibu.

Wiki zilizofuata nilishinda barazani. Nilisikia wenzangu kule bondeni wakisugua mawe na kucheka. Mguu uliniwasha ndani ya plasta, mahali nisipoweza kufikia. Mama mkwe hakuniacha hata dakika moja: alinilisha, akanishika hadi chooni, akanisubiri mlangoni. Nilitaka kulia, ila nilijua angedhani nalilia yale maji aliyomimina. Basi nilinyamaza, nikawa nimefungwa mara mbili.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba, umejaa magamba, lakini umenyooka. Siku hiyo nilijikongoja chooni peke yangu, nikafunga mlango, nikalia hadi nikatosheka.

"Uko salama?" mama mkwe akauliza kutoka uani.

"Niko salama, Mama. Nenda upumzike."

Nikasikia viatu vyake vikiondoka.