Mkono Ulioonekana Mzima

Lori la jeshi lilipinduka tukiwa mazoezini. Aliyekuwa akiendesha ni rafiki yangu tuliyeandikwa jeshini naye siku moja. Mimi nilikaa kando yake. Yeye mlango ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha pete na cha mwisho. Mimi kioo kilinichana kifundo cha mkono wa kulia na kukata neva. Daktari alinishona vizuri mno. Jeraha lilipopona lilibaki mstari mwembamba tu, na mkono ukaonekana mzima. Ila haukusikia kitu. Kidole gumba kilikataa kukutana na vingine, na nyama ya kiganja ikaanza kunywea.

Kabla ya kutustaafisha, bodi ya madaktari ilipima ulemavu wetu. Yeye alipewa asilimia thelathini, mimi kumi.

"Vidole vyako vyote vipo," mmoja wao aliniambia, kana kwamba ananipongeza.

Sote wawili tulihamia mtaa wa Kayole, Nairobi, tukapanga ploti moja, milango ikitazamana. Huo ndio ulikuwa ubaya. Kila asubuhi nilimwona akimenya viazi na kuwafunga watoto wake kamba za viatu kwa vidole vitatu. Mimi sahani ziliniponyoka mbele ya wageni. Siku moja niliweka mkono kwenye sufuria ya moto, na kilichonijulisha kwamba naungua ni harufu. Mke wangu akinipaka dawa, nilisikia jirani akicheka ng'ambo ya ua, nikatamani ule mlango wa lori ungenikata mimi.

Huruma pia aliipata yeye. Mama mboga alimwongezea sukuma wiki kwa ajili ya "mkono wa vita", ingawa hatukuwahi kupigana vita vyovyote. Mimi nilipoangusha sarafu, aliniuliza kama nimekunywa.

Niliomba bodi inipime upya.

"Nenda na jirani," mke wangu alisema. "Yeye alikuwepo."

Nilikataa. Lakini asubuhi ya kwenda, mke wangu alikuwa ameshatoka kwenda soko la Gikomba kuchagua mitumba, na vifungo vya shati vilinishinda. Jirani alinikuta mlangoni kifua wazi.

"Lete hapa, ndugu yangu."

Vile vidole vitatu vilipanda kifuani mwangu upesi, kifungo baada ya kifungo. Sikumshukuru. Niliuma meno, nikatazama ukuta. Alipomaliza, alivaa kofia yake, tukaenda pamoja.

Safari hii daktari alikuwa mwanamke. Aliniambia nifumbe macho, akanidunga kwa pini.

"Unasikia?"

"Wapi?"

Akanipa karatasi niibane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaivuta. Ilitoka bila upinzani wowote. Rafiki yangu akamwambia kwamba asubuhi hiyo ni yeye aliyenifunga shati. Daktari akampa na yeye ile karatasi. Aliibana, daktari akaivuta hadi ikachanika. Wote wawili walicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Walinipandisha hadi ishirini.

Jioni hiyo rafiki yangu alileta nyama ya mbuzi kutoka Kiamaiko, akaichoma uani. Fungu langu alilikata vipande vidogo, kama anamkatia mtoto.

"Hata nyama unanikatia," nilimwambia, "na bado umenizidi kwa bodi."

Akaweka kisu chini. "Ungetaka tubadilishane?"

"Hata sasa hivi."

"Tukitoka kanisani," akasema, "wewe watu wanakupa mkono. Mimi wananigusa kiwiko. Kitindamimba wangu hataki nimshike kwa mkono huu. Nimekuonea wivu tangu tulipokuwa wodini."

Nilidhani maneno hayo yangenituliza. Hayakunituliza.

"Hao wanaonipa mkono," nilimjibu, "mimi siwasikii."

Tukala mpaka mifupa ikabaki.

Baadaye alipata kazi kwa maseremala wa Gikomba, akipigilia vitanda misumari. Mimi nilimsaidia mke wangu kuuza nguo, nikizitundika kwa mkono wa kushoto. Kila nilipopita bandani kwake aliinua nyundo kunisalimia. Nilimwitikia kwa kichwa, nikaendelea na njia yangu, macho yakiwa yamebaki kwenye ile nyundo na jinsi alivyoishika bila hata kuifikiria.