Alama Kumi na Nne za Tezi Yangu

Mwaka mzima wifi yangu aliniita mvivu. Nilikuwa nasinzia huku nakata vitunguu. Nilivaa soksi mbili mbili ndani ya nyumba yenye hita, nywele zinabaki kwenye kitana, na nikifika chumba cha pili nimeshasahau nilichofuata. "Wifi, kaka yangu alikuoa, lakini wewe umeolewa na kochi," alisema kila alipokuja kwetu Scarborough, huku Kanada, kutoka kwake Brampton. Kusema kweli hata mimi nilikuwa na wasiwasi huohuo. Tangu usichana wangu sipendi kutoka. Nitajuaje kama naumwa au ndivyo nilivyo?

Basi vipimo vya damu viliporudi, na daktari akaniambia tezi ya shingoni inafanya kazi chini ya kiwango, nilifurahi kama mtu aliyeachiwa na mahakama. Mvivu si mimi, ni tezi! Nikaipiga picha ile karatasi, nikaituma kwenye kundi la familia. Namba ya kipimo cha tezi ilikuwa tisa. Nikapewa kidonge cha kila asubuhi, nirudi kupima baada ya wiki sita.

Nikarudi. Majibu yakaja kwenye simu: kumi na nne.

Mimi shule niliishia kidato cha nne, na nilichotoka nacho ni kwamba namba ikipanda, umefaulu. Kwenye hesabu sikuwahi hata kuifikia hiyo kumi na nne. Nikaandika kwenye kundi: "Nilikuwa tisa, sasa kumi na nne. Mungu ni mwema." Ndugu wakanipongeza. Wifi akajibu: "Hongera wifi, sasa kochi tuliuze." Nikapika pilau ya kushangilia. Nikasinzia kabla haijaiva, ikaungua chini.

Kesho yake daktari akapiga simu, sauti ya msibani. Akanieleza kwamba namba ile inaonyesha jinsi ubongo unavyoipigia tezi kelele iamke. Kadiri inavyopanda, ndivyo tezi inavyozidi kulala.

"Dawa unameza?"

"Kila siku, daktari."

"Unamezea nini?"

"Chai."

"Chai gani?"

Nikaeleza kwa fahari: majani, tangawizi, maziwa mengi, vyote vichemke pamoja. Nyumbani kwetu hakuna aliyemeza dawa tumbo tupu. Mama angekukimbiza na kikombe. Daktari akasema maziwa yanaizuia dawa kuingia mwilini. Nimezee maji matupu, nisubiri angalau saa nzima kabla ya chai.

Saa hiyo, jamani! Nilikaa mezani naitazama sufuria, mume wangu akinywa chai yake kwa kuvuta, makusudi. Na kwenye kundi ikabidi niandike kwamba kule kufaulu kwangu kulikuwa kufeli. Wifi alituma vicheko mpaka simu ikapata moto.

Namba iliyofuata ilikuwa tatu. Safari hii niliuliza kwanza kabla ya kutangaza. Nzuri, akasema daktari, iko ndani ya mipaka. Kweli baridi ilipungua, nywele nazo zikaanza kutulia. Ila usingizi wa mchana ukabaki palepale. Nilipomwambia, akasema mwili huchelewa, tutapima tena, huenda kuna sababu nyingine. Hakusema sababu yenyewe ni mimi, lakini nilimsikia akifikiria.

Wifi hakungoja kipimo kingine. "Karatasi imeshasema huna kitu. Jumamosi nakuja kukuchukua, ushinde kwangu."

Sikuwa tena na cha kujitetea. Nikaenda. Nikala, nikacheka, nikasaidia kukunja sambusa, sita kamili. Kisha nikasema naegemea kidogo tu kwenye kochi lake.

Nilishtuka nimefunikwa kanga. Wifi amekaa miguuni pangu, hacheki.

"Wifi, aliyelala hapa ni tezi au ni wewe?"

"Sijui, wifi. Kweli sijui."

Nikangoja kejeli. Yeye akaivuta kanga ikafika mabegani.

"Basi lala tena," akasema. "Kochi lako hatutaliambia."