Pembe Nne za Shuka

Kwenye ukuta wa chumba cha kufulia cha zahanati kulikuwa na ndoano mbili, na aliyezipigilia ni Mama Shuka mwenyewe. Alizipigilia mwaka ule mwenzake alipostaafu, na uongozi ukamwambia dobi mwingine yuko njiani. Miaka kumi na mmoja baadaye dobi huyo bado yuko njiani. Labda anakuja kwa magoti. Basi Mama Shuka akawa ananasa pembe mbili kwenye ndoano, anashika mbili zilizobaki, anarudi nyuma, anavuta, anakunja. Shuka sitini kwa siku. Bega la kulia lilikuwa likimuuma kila siku, na alishaacha kumwambia mtu.

Jumatatu moja muuguzi mkuu akamletea msichana wa kidato cha tatu, sare yake imenyooka kwa pasi. Shule ilikuwa imewatawanya wanafunzi wakaonje kazi mtaani, saa arobaini kila mahali, na fomu isainiwe. Msichana alitaka chumba cha dawa. Nafasi ya huko alikuwa nayo, lakini ya wiki ya pili, tena kwa sharti kwamba ya kwanza itimie. Ikipungua hata saa moja, anairudia yote palepale, na chumba cha dawa anapewa mwingine.

Mama Shuka aliviangalia vile vidole laini akajisemea kwamba kaletewa mgeni, si msaidizi. Lakini mtoto alijikaza kisabuni. Siku ya kwanza shuka zilimponyoka ovyo. Siku ya pili wakapatana mwendo: wanakutana, wanaachana, wanakutana tena, bila hata kuangaliana. Kumbe kazi ile ilikuwa na raha yake, na Mama Shuka alikuwa ameshaisahau. Jioni hiyo alichana nywele bila kung'ata meno.

Jumatano msichana, ambaye kwao huamka alfajiri kuchota maji na kuwavalisha wadogo zake, aliketi juu ya lundo la shuka safi apumzike kidogo tu, akapitiwa na usingizi wa pono. Mama Shuka alinyoosha mkono amwamshe. Kisha akauona ule uso uliolegea, akamfunika, akarudi kwenye ndoano zake. Saa nne nzima.

Ijumaa fomu ikaletwa. Msichana alikuwa amejaza kila mstari isipokuwa ule wa saa.

"Mama, zile saa nne nililala," alisema huku akitazama sakafu. "Sikutaka kuandika uongo. Andika wewe."

Akatoka kwenda kuanua nguo.

Muuguzi mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuona ugumu wowote. "Andika thelathini na sita, si ndiyo ukweli? Utabaki naye wiki nyingine. Unadhani mimi silioni hilo bega lako?"

Kumbe alikuwa analiona. Hilo lilimuuma Mama Shuka kuliko bega lenyewe.

Hata hivyo, tusimsingizie utakatifu: alitamani. Alitamani hiyo wiki moja kama mtu anavyotamani kitanda, na mkono ulikuwa umeshaanza kuandika tatu. Akainua macho dirishani. Kule kwenye kamba msichana alikuwa ameibana shuka kwa kidevu, anaikunja peke yake. Na alikuwa ameanza kuweza. Mama Shuka alipoona hivyo baridi ilimwingia moyoni, kana kwamba anajiona mwenyewe.

Akaikata ile tatu, akaandika arobaini, akatia sahihi.

"Siku ile alilala kwa ruhusa yangu," alimwambia muuguzi. "Hizo nne nimempa mimi."

Muuguzi aliguna, akaondoka na fomu yake.

Jumatatu kikapu kilikuwa kimejaa kama kawaida. Mama Shuka alichukua shuka ya juu, akaikung'uta, akashika pembe mbili na kuzinyoosha zile nyingine mbele yake. Akangoja mtu wa kuzipokea. Upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba cha dawa, ilisikika sauti ya msichana akihesabu vidonge polepole, asikosee. Mikono ya Mama Shuka ilibaki hewani hivyohivyo hadi bega lilipomkumbusha. Akageuka, akazitafuta ndoano.