Mgeni Aliyedai Mkono

Usinicheke. Haya yalinipata mchana kweupe, jua la Januari likiwaka, dukani kwangu hapa Busia, upande wa Uganda. Anayesema nilikuwa nimelewa aje aniambie usoni. Pombe sinywi.

Mimi natengeneza kompyuta. Siku hiyo nilikuwa na laptopu ya marehemu Athieno, binti wa mama mmoja kutoka Kirewa. Nyimbo zote alizojirekodi akiimba zilikuwa humo, mahali pengine hakuna. Laptopu ilikuwa imekufa, ila diski yake ilikuwa nzima. Kazi yangu ni kuitoa tu na kuzihamisha. Mama Athieno alikwenda sokoni kununua samaki, akaniambia, "Fundi, hiyo ni mtoto wangu. Shika polepole."

Na nilishika polepole, haki ya Mungu! Nilikata umeme, nikatoa betri, nikavaa ule mkanda wa mkononi wenye waya unaoshuka ardhini. Kiangazi mwili hubeba umeme bila wewe kujua, na cheche ndogo usiyoihisi yatosha kuua chipu.

Nikiwa nimeishika diski, akaingia mzee mwenye suti nyeusi ya nailoni, puani ana pamba. Nikadhani damu ya pua. Wewe ungedhani nini?

"Fundi, nipe mkono."

"Karibu mzee. Ngoja kidogo, nimeshika kitu."

"Unaninyima mkono? Heshima si utumwa."

Wajua kwetu, mikono ikiwa na kazi, mgeni humwachi hivi hivi. Unampa kifundo cha mkono, anakishika, mmesalimiana. Nikampa. Mshenzi yule! Aliung'oa mkanda wangu, kisha akagusa vidole vilivyoshika diski. Ta! Cheche ya buluu ikaruka, mkono ukafa ganzi mpaka begani. Baridi yake, niamini, haikuwa ya mtu aliye hai. Nilipoinua macho, duka tupu. Mlangoni nilikuwa nimemwagia vumbi maji, na pale kwenye tope hapakuwa na alama ya kiatu.

Diski haikusoma tena.

Mama aliporudi nikamweleza yote. Nilipofika kwenye pamba, akaweka samaki chini.

"Kidole chake cha mwisho kimekatika?"

Kilikuwa kimekatika.

"Huyo ni baba yake. Tulimzika na hiyo suti, Athieno akiwa bado shule. Alikuwa anampiga akimsikia anaimba. Aliapa atamnyamazisha."

Akatoka mlangoni, akapaza sauti barabara nzima isikie. "Owor! Hata umekufa humwachi mtoto? Amekukosea nini?" Wa bodaboda wakageuka. Nami nikamtukana pamoja naye, na sioni haya.

Nilimpelekea diski fundi mwenzangu wa Tororo. Wapi!

Hasira ninayo mpaka leo. Mkono huu hufa ganzi kila kiangazi. Kazini simpi mtu mkono. Wakisema nina maringo, shauri yao. Wewe uliyeweka sauti ya mtu wako kwenye diski moja, toa nakala leo, ukaiweke nyumba nyingine. Na mgeni akikudai mkono wakati umeshika diski, mwache anune.

Juzi Mama Athieno alipita dukani. Alisema anajaribu kuukumbuka wimbo mmoja wa mwanawe. Maneno anayo yote, lakini sauti ya mtoto haimjii tena.