Ndoo ya Maji Mlangoni kwa Mama Zaituni

Mwanangu, nasikia tangu juzi mnagombana na watu wa komine juu ya ramani ya mafuriko, na sauti yako ndiyo inayosikika kuliko zote. Keti kidogo. Ugomvi huo naujua, tena nilikuwa upande wa pili.

Nakumbuka asubuhi moja ya jua kali, ningali kijana, karani mpya wa komine hapa Rumonge, shati jeupe, ramani kwapani. Ziwa lilikuwa limeanza kupanda. Shefu, mkuu wa ofisi yetu ya komine, alinituma mtaani kwetu nipake alama nyekundu kila nyumba ambayo maji yangeifikia, wenyewe wahame. Ramani nilikuwa nimeichora mwenyewe, mezani, kwa kunakili ya zamani. Mguu sikuunyanyua.

Nikafika kwa jirani yangu Mama Zaituni, mjane aliyekuwa akikamua mawese. Nikachovya brashi.

“Hapa maji haijafika hata siku moja,” akasema.

“Ramani inasema yatafika, mama.”

“Na kwako?”

“Kwangu ni salama.”

Na nyumba yangu, mwanangu, ilikuwa chini ya yake, upande wa ziwani! Sikufanya hila, wallahi. Nilidhani mtu hana haja ya kuipima nyumba anayolala.

Hakunitukana. Alileta ndoo ya maji, akaimwaga mlangoni pake. Maji yakateremka, yakasita kidogo kama mgeni anayeuliza njia, kisha yakaingia uani kwangu, hadi kwenye mkeka ambao mke wangu alikuwa ameanikia unga wa muhogo.

“Nani amelowesha unga wangu?” mke wangu akauliza.

“Ni ramani ya bwana yako,” Mama Zaituni akamjibu.

Mtaa mzima ukacheka. Mama Zaituni akanigeukia, akasema polepole, “Mutoto wangu, ulichora ukiwa umekaa. Maji iko inatembea. Na wewe tembea.”

Nilirudi ofisini, nikamwambia shefu nimekosea. Nilingoja kufukuzwa. Yeye akavaa kofia yake, akasema, “Basi twende wote.”

Tukazunguka na wakazi nyumba kwa nyumba. Wala si wote waliokuwa na haki. Mvuvi mmoja aliapa kwamba kwake hapajawahi kulowa, mkewe akasogeza kabati, tukaona ukutani maji ya zamani yalipoishia. Akacheka mwenyewe, akaanza kufunga mizigo. Nyumba ya Mama Zaituni ikaachwa bila alama. Yangu niliipaka rangi kwa mkono wangu.

Ziwa lilipokuja lilibeba jiko langu, lakini sisi tulikuwa tumeshahamia kwa Mama Zaituni. Tulikaa kwake masika mawili, tukila ndagala zake, dagaa wa ziwani. Hakunisimanga hata mara moja. Wa kunikumbusha unga alikuwa mke wangu, na hadi leo hajachoka.

Basi mwanangu, ramani usiichane, wala usiisujudie. Siri ya mtungi aijuaye kata: chukua wazee waliokaa pale miaka mingi, mkamwombe shefu mtembee naye. Mwonyesheni maji yalipofika kweli, hata kama ni chumbani kwako. Mkiwa na haki, ataiona kwa miguu yake. Mkiwa mmekosea, hameni mapema, vyombo vingali vikavu.

Mungu akupe ulimi mpole na miguu isiyochoka, nyumba yako isimame pakavu, na majirani wako wawe wa kukufungulia mlango. Amina.