Meneja wa Rede na Daftari Lake

Enzi zetu, aliyetaka kujua kama msichana anafaa kwenye timu alikwenda kwa miguu kumtazama. Siku hizi watu wamekaa. Juzi nilimkuta Elibariki, mtoto wa kaka yangu, sebuleni kwao mtaa wa Soweto, anatengeneza gemu ya kompyuta ya kuongoza timu ya besiboli, mchezo ambao hajawahi kuushuhudia hata siku moja. Shikamoo yenyewe aliitoa bila kuinua macho. Akasema yuko kwenye mfumo wa maskauti. Nikadhani ni wale vijana wenye skafu shingoni. Kumbe ni wasaka vipaji: meneja anabonyeza kitufe, analetewa wachezaji mia, kila mmoja na alama zake, na hakuna alama iliyokosewa.

"Na skauti akikosea?" nikamuuliza.

"Shangazi, hiyo itakuwa hitilafu. Nairekebisha."

Nilicheka kwa dharau. Dharau hiyo naijua ilikotoka, maana ujinga wake niliutangulia mimi.

Nilipokuwa darasa la sita kijijini kwetu Kwa Sadala, nilikuwa meneja wa timu ya rede. Kwa watoto wa leo wanaodhani kucheza ni kazi ya kidole gumba: wawili wanarushiana mpira wa soksi kuukuu, mmoja yuko katikati, anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mpira ukikugusa, umetoka. Nilikuwa na daftari la mistari, na kila msichana nilimpa alama kumi za kurusha, kumi za kukwepa, kumi za kujaza. Binamu yangu Ndeshi alikuwa na kumi kila mahali. Alikuwa ananiletea miwa.

Msaka vipaji wangu alikuwa rafiki yangu Mkunde. Siku moja ya soko alikuja mbio, kanga imemvuka begani.

"Nimempata! Anaitwa Manka, wa kule juu. Baiskeli ya maziwa imekatika breki, watu wote wamekimbia. Yeye kageuza kiuno tu, ikapita. Mkungu uko kichwani, haikudondoka hata ndizi moja!"

"Anarusha vipi?"

"Sijui."

"Kujaza?"

"Sijui! Njoo umwone."

Nikaandika sifuri, sifuri, na tano ya kumfurahisha Mkunde. Sikwenda. Nilimwona baadaye kwa mbali, amevaa gambuti za baba yake, nikacheka hadi nikakaa chini. Mkunde hakucheka.

Wiki mbili baadaye tulicheza na wasichana wa kijiji cha jirani, kule juu. Katikati, peku, alikuwa amesimama Manka. Wao hawakuwa na daftari. Ndeshi alirusha, nami nikarusha, hadi mkono ukafa ganzi. Yule msichana alikuwa anainama, anachota, anapinda, mpira unapita hewani kama haumtaki. Akajaza chupa, akaimwaga, akajaza tena. Wenzangu walianza kumshangilia yeye.

Nyumbani mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nilipomaliza kulia alisema, "Mwenzako alikuambia ukaangalie. Miguu yako ilikuwa inauma?" Basi. Akaendelea kumenya.

Mkunde hakunisemesha hadi Jumapili. Baada ya ibada nikamfuata na kumpa daftari. Akalichana, akalitia jikoni kwao chini ya sufuria, ndipo akasema, "Haya, twende."

Tukapanda hadi kwa akina Manka. Mama yake alisikiliza shikamoo zetu akaitikia, akauliza, "Akija kucheza kwenu, ng'ombe atakatiwa majani na nani?" Tukakata sisi, mizigo miwili kila Jumamosi, hadi viganja vikachanika. Hivyo ndivyo mchezaji alivyopatikana.

Nilimsimulia Elibariki yote haya. Nikamwambia awape maskauti wake macho yanayokosea, meneja wake kiburi, na kila mchezaji mama wa kuombwa ruhusa.

"Shangazi, nani atacheza gemu ya kukata majani?"

Labda hakuna. Manka alipohamishiwa kwa bibi yake, mbali huko mji wa Mkuu, mimi na Mkunde tulimsindikiza hadi stendi, tukarudi tunalia barabara nzima, wasichana wakubwa, bila aibu. Elibariki, huku namtazama, aliwafuta wachezaji arobaini kwa mpigo mmoja, akaniuliza kama kuna chai.